Upande Uliochakaa

(Hotuba niliyoitoa Houston, Texas, kwenye mkusanyiko wa Waswahili wa hapa. Nimeiandika karibu na nilivyoisema. Nimeondoa kikohozi tu, na yale mabishano ya mwanzo kuhusu maikrofoni.)

Assalamu alaykum. Kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi ninaowaona pale mlangoni, karibuni mbele, viti vipo.

Nimepewa nusu saa, na mwenye ukumbi anautaka ufunguo wake saa tatu kamili. Kwa hiyo naanza na hiki nilichokishika. Walio nyuma hawakioni vizuri. Ni santuri, ile ndogo ya 45, yaani inayozunguka mara 45 kwa dakika, yenye tundu kubwa katikati. Kwenye karatasi yake pameandikwa Swallow. Bwana mdogo, ichukue, iinamishe kwenye taa uwaeleze wenzako unachokiona. Eh? Upande mmoja unang'aa kama kiatu cha Idi. Geuza. Ndiyo, huo mwingine umekuwa kijivu, umefubaa, kama mtu kausugua kwa jivu la jikoni.

Niliinunua dola mbili. Aliyeniuzia alinionea huruma, akaniambia, upande huu umekwisha, chukua nyingine safi. Nikamwambia huo uliokwisha ndio ninaoutaka. Akanitazama kama mnavyonitazama nyinyi sasa hivi.

Mnajua kazi yangu. Ni mtu wa Mombasa niliyeishia kwenye trela la magurudumu kumi na manane, na sehemu kubwa ya umri wangu wa huku imepita kwenye barabara ya I-10, kati ya hapa na Lafayette, Louisiana. Ni kama kilomita 350. Unapita Beaumont, unavuka mto Sabine, unaingia Lake Charles, halafu yanaanza mashamba ya mpunga. Mpunga kulia, mpunga kushoto, maji yametuama, ndege weupe wamesimama. Mtu wa Mwea au Kilombero ukimshusha pale hatauliza yuko wapi.

Siku moja nimesimama kujaza dizeli karibu na Crowley. Redio ilikuwa kwenye stesheni moja ya Eunice, KBON. Likapigwa kodiani. Nikasema, aa, mwomboko! Nilikuwa na jirani wa Murang'a, mzee aliyekuwa haachi kuzungumzia mwomboko wa ujana wake, kodiani na ile pete ya chuma wanayoikwaruza, karing'aring'a. Sasa hapa nasikia kodiani, nasikia chuma kinalia nyuma yake, halafu mwanamume anaimba kama anayelia matanga ilhali ngoma yenyewe ni ya kucheza. Nikangoja Kikikuyu. Kikaja Kifaransa. Nilibaki na mpira wa dizeli mkononi mpaka aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi.

Ndivyo nilivyoingia. Wengine waliingia kwa vitabu, mimi niliingilia dizeli.

Nisiwachoshe na historia, ila kidogo lazima. Wale Wazungu wanaoitwa Cajun ni kizazi cha Wafaransa waliokuwa wakiishi Acadia, upande wa Kanada, wakafukuzwa na Waingereza kuanzia 1755, wakatawanyika, na wengi wakaja kutua kwenye vinamasi vya Louisiana. Jina lenyewe ni Acadien, limeliwa mbele. Pembeni yao walikuwako Wakreole, watu weusi wenye lugha ileile ya Kifaransa, wajukuu wa watumwa na wa watu weusi huru. Muziki wa Cajun una kodiani, fidla, na pembetatu ya chuma ambayo zamani waliikunja kutokana na meno ya reki ya nyasi. Muziki wa Wakreole ulikuja kuitwa zydeco. Jina hilo limetoka kwenye msemo wao kwamba maharage hayana chumvi, *les haricots sont pas salés*. Sema "le-zariko" harakaharaka, utaona zydeco inatoka yenyewe. Maharage hayana chumvi kwa sababu hakuna pesa ya kununua hata nyama ya chumvi ya kutilia. Sidhani kuna mtu humu ndani anayehitaji kufafanuliwa zaidi hapo.

Na lile bati la kifuani mnaloliona kwenye picha, linalovaliwa kama koti na kukwaruzwa kwa vifungua chupa, asili yake ni ubao wa kufulia nguo. Clifton Chenier, mpiga kodiani wa zydeco, na kaka yake Cleveland walikuwa wakifanya kazi za viwanda vya mafuta Port Arthur, hapa hapa Texas. Mwaka 1946 Clifton akamwendea fundi wa kuchomelea aitwaye Willie Landry, akamchorea mchangani anachotaka: bati lenye mabega. Landry akalitengeneza. Kabla ya hapo watu walikuwa wanafunga ubao shingoni kwa kamba.

Haya, sasa santuri.

Santuri ya kwanza ya Cajun ilirekodiwa New Orleans, Aprili 1928, na kampuni ya Columbia. Joe Falcon kwenye kodiani, Cléoma Breaux kwenye gitaa, mwanamke akipiga gitaa wakati ambapo jambo hilo lilikuwa fedheha kwa wengi. Watu wa Mombasa na Unguja, mwaka 1928 unawakumbusha nini? Mwaka uleule Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Hawakujuana, wala hakuna aliyemwiga mwenzake. Ila biashara ilikuwa ile ile: kampuni zilitaka kuuza gramafoni, na mtu hanunui gramafoni isiyojua lugha yake.

Lakini sikilizeni Joe Falcon mwenyewe alivyokuja kusimulia. Anasema walipofika, wakubwa wa kampuni walimwangalia, kodiani moja na gitaa moja, wakauliza bendi iko wapi. Wakasita. Waliyefuatana naye alikuwa sonara, mwenye duka la vito katika mji mdogo wa Rayne. Yule sonara akatoa kitabu chake cha hundi akaandika hundi ya santuri 500, kabla hata wimbo haujarekodiwa. Sonara! Anauza pete na saa, na pembeni anauza gramafoni, na anawajua wateja wake. Kampuni kubwa ilikuwa na mashine, mwenye duka alikuwa na masikio. Wakarekodi.

Huyo sonara mshikeni vizuri, kwa sababu baada ya hapo hadithi yote ni ya wenye maduka.

Ikaja vita kuu ya pili, malighafi ya santuri ikawa adimu, na toka 1942 chama cha wanamuziki kikagomea kurekodi. Kampuni kubwa zilipoamka baada ya vita hazikuwa tena na haja kubwa na Kifaransa cha vinamasini. Wakajitokeza watu wa mtaani. Hapa Houston Bill Quinn na lebo yake, yaani chapa ya kutolea santuri, ya Gold Star, aliyemrekodi Harry Choates na fidla yake mwaka 1946. Crowley, J.D. Miller, mwenye duka, akaanza mwaka huohuo. Lake Charles, Eddie Shuler na lebo ya Goldband. Huyu alikuwa anatengeneza televisheni za watu, studio iko hapohapo. Ni Eddie Shuler huyohuyo aliyetoa santuri ya kwanza ya binti mmoja wa Tennessee aitwaye Dolly Parton, 1959. Ndiyo, huyo huyo mnayemjua. Church Point, Lee Lavergne. Lafayette, Carol Rachou. Na Ville Platte, kijana Floyd Soileau, ambaye hajafika hata miaka ishirini alipofungua duka la santuri mwaka 1956. Mwaka uliofuata akamjia bwana mmoja mwenye majukiboksi, zile mashine za baa zinazopiga santuri ukitia sarafu, kule Mamou, ana kanda za wapiga kodiani, anasema wateja wangu wananidai nyimbo za Kifaransa na hakuna anayezichapisha tena. Ndipo Floyd akaanza kuchapisha. Jina lake la ukoo, Soileau, kule linatamkwa kama neno la Kiingereza la mbayuwayu. Basi lebo ikaitwa Swallow. Hiyo ndiyo karatasi ya kwenye santuri yangu.

Wazee wa Mombasa mnatabasamu, najua mnawaza nini. Assanand. Duka lililouza santuri na papo hapo likatoa lebo yake ya Mzuri. Mwenye duka anasikia mteja anaulizia kitu, kitu hakipo, anakwenda kukitengeneza. Mimi nilipoelewa hili ndipo nilipoelewa wapi pa kusaka.

Maana santuri hizi hazikwenda mbali. Zilichapishwa kwa mamia, pengine elfu chache, zikauzwa wilaya tatu nne, zikaingia kwenye jukiboksi za baa za njiapanda. Usiende kuzitafuta New York, na zikiwepo kule zimeshapitia mikononi mwa mtu anayejua bei yake. Ziko kwenye makasha chini ya meza, Opelousas, Eunice, Ville Platte, Church Point, ndani ya maduka ya mitumba ya makanisa, na kwenye zile siku ambazo watoto wanauza vitu vya marehemu baba yao uani.

Nitawaambia inavyokuwa. Unaingia, kuna ubaridi wa feni na harufu ya nguo zilizokunjwa muda mrefu. Santuri ziko nyuma, karibu na vikombe vya harusi za watu waliokwisha kuachana. Unapiga goti. Mgongo unalia. Unaanza kupekua: kwaya, kwaya, Krismasi, Elvis, Krismasi, na Herb Alpert. Herb Alpert na tarumbeta yake wako katika kila duka la mitumba la Marekani, nafikiri wanazaliana usiku. Vidole vinageuka vyeusi. Na kuna kasha ukilifungua unapata harufu ya udongo wa mtoni, unajua hilo lilikunywa maji. Louisiana hiyo: kimbunga Rita mwaka 2005, mafuriko ya Agosti 2016, na kimbunga Laura mwaka 2020 iliyoipiga Lake Charles mpaka maghorofa yakabaki bila vioo. Santuri yenyewe ya 45 huvumilia maji, ukiiosha taratibu inaimba. Karatasi ndiyo inayokufa. Nina santuri tano sijui ni za nani, karatasi zimeyeyuka, nazipiga tu kama watoto wasio na vyeti.

Ukiwa mbele ya kasha, jambo la kwanza ni kusoma kwa masikio, si kwa macho. Walioandika karatasi zile wengi hawakujua Kifaransa, na waliojua hawakufundishwa kukiandika. Wimbo wa msichana mwenye nywele za dhahabu, *Jolie Blonde*, kwenye santuri ya Harry Choates umeandikwa "Jole Blon". Clifton Chenier alipoita "ewe msichana" mwaka 1955, kampuni ya Specialty kule California iliandika "Ay-Tete-Fee". Na Lightnin' Hopkins, mwimbaji wa blues wa hapa Houston, alipoimba habari za kwenda kwenye zydeco, karatasi ilitoka imeandikwa "Zolo Go". Mtu mwenye Kifaransa cha shule anaipita hiyo. Sisi tuliokulia kuona majina yetu yalivyoandikwa na makarani tuna faida hapo. Isome kwa sauti, pale pale dukani, usione haya.

Kwa nini hawakufundishwa kukiandika? Katiba ya Louisiana ya 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, basi. Mtoto akiropoka Kifaransa kiwanjani alikuwa anaadhibiwa. Sisi tuliosoma Kenya tunakijua kile kibao cha kuvishwa shingoni ukikamatwa unasema lugha ya nyumbani, kwa hiyo sina la kuongeza, ila hili: shuleni Kifaransa kilikuwa fimbo, na Jumamosi kwenye jukiboksi watu walikuwa wanatoa senti tano kukisikia.

Hapo ndipo nilipojifunza kupenda upande uliochakaa.

Ilikuwa mjini Eunice. Duka la mitumba, mama wa kaunta ana miaka themanini hivi, miwani kwenye kamba. Nimemletea santuri saba. Anazihesabu kwa bei, hazitazami majina. Akafika kwenye moja akasimama. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akasema, hii imetoka kwenye jukiboksi. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: upande huu mpya, upande huu umeliwa. Nyumbani, akasema, mtu anapiga pande zote mbili, kwa sababu amelipia zote mbili. Kwenye jukiboksi unalipa kila mara, kwa hiyo unalipia ule unaoutaka. Kisha akapitisha ukucha, juujuu, bila kugusa kabisa, kwenye sehemu iliyo nyeupe zaidi kuliko nyingine, karibu na mwanzo. Akasema, hapa sindano ndipo inapotua. Inatua palepale kila mara. Hapa watu walikuwa wanainuka kwenye viti.

Sikupata usingizi ndani ya trela usiku ule. Kila santuri niliyokuwa nayo niliichukua nikaiinamisha kwenye taa. Nilikuwa nimezipanga kwa usafi, safi mbele, mbovu nyuma, kama walivyonifundisha wasakaji wenzangu. Wana alama zao, kama za mtihani, na bei inafuata alama. Nikazipanga upya.

Msinielewe vibaya, sisemi mnunue takataka. Iliyopasuka ni iliyopasuka. Na ile iliyochunwa na watoto kwa msumari si sawa na iliyochakazwa na sindano. Iliyochunwa ina mistari inayokatiza mifereji, ile njia ya sindano, ovyoovyo. Iliyochakazwa imefubaa kufuata mifereji, duara kwa duara. Itazameni hiyo inayozunguka huko nyuma. Iko wapi? Nani anayo? Haya, ipokezaneni kwa kushika kingo, tafadhali, msiguse katikati. Mna mafuta ya sambusa mikononi.

Makosa yangu pia niyaseme, maana mnaweza kudhani ni kazi ya raha tu. Mwezi Julai wa mwaka wangu wa pili niliacha kasha la 45 ishirini na tatu kwenye dashibodi, nikaingia kula. Dakika arobaini. Nilivyorudi zilikuwa zimejikunja kama chipsi za muhogo. Humo ilikuwamo moja ya Iry LeJeune, yule kijana aliyekuwa karibu haoni, aliyerudisha kodiani mwaka 1948 wakati kila mtu alikuwa anapiga gitaa kama watu wa Texas, na akagongwa na gari barabarani 1955 wakati gurudumu linabadilishwa. Nilikaa kwenye ngazi ya trela nimeishika. Ukiiweka kwenye mashine sindano inapanda na kushuka kama mtumbwi. Mara nyingine, kwenye duka moja ambalo sitalitaja, nililipa dola sitini kwa kitu nilichoambiwa ni cha mwaka 1954. Kilikuwa chapa ya miaka ya sabini. Nilipaswa kutazama namba zilizokwanguliwa pale mifereji inapoishia, kabla ya karatasi, ningejua. Sikutazama kwa sababu nilikuwa na furaha. Furaha ni ghali sana dukani.

Kuna ambazo sitazipata, na ningependa mzijue. Amédé Ardoin. Mkreole, mweusi, mtu mdogo wa umbo, sauti juu kabisa, kodiani lake analibeba kwenye mfuko wa unga. Desemba 1929 aliingia studio New Orleans pamoja na mpiga fidla Mzungu, Dennis McGee. Louisiana ya 1929, mweusi na mweupe wamekaa kiti kwa kiti mbele ya maikrofoni moja! Mpaka kikao chake cha mwisho, New York, Desemba 1934, alikuwa amerekodi nyimbo 34. Hizo ndizo zote. Karibu kila anayepiga kodiani Louisiana leo, mweusi au mweupe, anapiga kitu alichokitoa kwake, ajue asijue.

Wazee wa kule wanasimulia kwamba usiku mmoja, kwenye dansi la Wazungu, jasho linamtiririka, akampokea binti wa mwenye nyumba kitambaa cha kujifutia uso. Kitambaa tu. Wanaume wakamngoja njiani. Walimpiga na kumpitia na gari, na baada ya hapo akili haikurudi. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville, Novemba 1942, akazikwa na kaburi lake halijulikani. Mwaka 2018 wakamsimamishia sanamu kule karibu na Opelousas.

Santuri zake zilikuwa za 78, zile nzito, za utomvu wa wadudu, zinazovunjika kama sahani ya udongo. Sijawahi kushika hata moja. Lakini mnapomsikia leo, sikilizeni nyuma ya sauti: kuna mtatariko, kama mafuta ya mandazi. Watu huuona ule kuwa uchafu, wanataka kompyuta iufute. Huo ni mtatariko wa sindano za chuma, nyumbani kwa mtu fulani, mkulima wa pamba labda, aliyeupiga wimbo ule mpaka ukachoka. Asingeununua na kuupiga, usingetufikia.

Sasa niwarudishe hapa Houston, maana najua kuna anayesema Louisiana ni mbali. Ukitoka kwenye ukumbi huu ukaenda Fifth Ward, kuna sehemu inaitwa Frenchtown. Wakreole waliotoka Louisiana ndio walioianzisha mwaka 1922, wamekuja kutafuta kazi za reli na bandari. Wageni waliofuata kazi na lugha yao mdomoni. Sitaki kusema zaidi, nanyi mnajijua. Huko Frenchtown, mwaka 1964, Lightnin' Hopkins alimchukua Chris Strachwitz, mwenye lebo ya Arhoolie kutoka California, akampeleka kwenye baa ndogo kumsikiliza shemeji yake, Clifton Chenier. Palikuwa na kodiani na ngoma tu. Wakakubaliana kurekodi.

Wakaanza kuvutana. Chenier anataka kupiga R&B, ule muziki wa dansi wa mijini, ndiyo inayopendwa na vijana, ndiyo yenye pesa. Strachwitz anataka Kifaransa. Mwisho wakapatana: nusu hivi, nusu vile. Santuri kubwa ya 1965, ile ya nyimbo nyingi, imetoka hivyo, na imerekodiwa mji huu. Nina nakala yake. Nimeiinamisha kwenye taa kama nilivyofundishwa. Aliyekuwa nayo kabla yangu, sijui nani, aliuchakaza ule upande wa Kifaransa.

Eh, nusu saa inakwisha. Wazee wa disko wa miaka ya themanini, nina deni lenu moja. Ule wimbo wa "My Toot Toot", mimi niliucheza Mombasa kwa sauti ya Denise LaSalle, na pengine wengi wenu. Mwenye wimbo ni Rockin' Sidney wa Lake Charles. Ulitolewa kwenye lebo ya Maison de Soul, ya nani? Floyd wa Ville Platte, yule yule wa mbayuwayu. Kwa hiyo mlikuwa wateja wake miaka yote na hamkujua.

Kama mtakwenda kusaka, mambo mawili matatu tu. Nenda asubuhi na mapema Jumamosi, maana ukichelewa watu wameshakwenda kucheza. Mamou wanaanza kucheza asubuhi, si utani. Anza na salamu, kaa kidogo, uliza habari za mama. Sisi hilo hatufundishwi. Na ukikuta mjane anauza santuri za mumewe, usiombe apunguze. Mwulize mumewe alikuwa anapenda wimbo upi. Atakwambia, na wakati mwingine atauimba, na hapo umeshapata zaidi ya ulichokuja kununua.

Imerudi? Ahsante, bwana mdogo. Naona mmeniwekea alama moja ya kidole, haidhuru, ni ya Kiswahili.

Hii ni ya 1962. Mwimbaji ni D.L. Menard, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha mafuta, akautunga wimbo hapohapo katikati ya kujazia watu magari, kwa muda usiozidi wa kupika wali. Baadaye akawa fundi wa viti, viti vya mbao vya kutengeneza kwa mkono, mjini Erath. Alifariki 2017. Wimbo ni wa mtu aliyetoka na mpenziwe wakazunguka baa zote, wakarudi kumekucha, naye akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma ili asionekane. Uani, kama ambavyo tungesema sisi.

Mzee, naomba uzime ile feni, inanitikisia mashine. Na vijana, sukumeni viti ukutani. Ninaweka upande wa kijivu. Mtasikia kwanza kama mvua juu ya bati, msiogope, ngojeni kidogo, kodiani linakuja.